Binti Asomaye Majumba: Toka Adams Arcade Hadi Mitaa ya Lamu

Makanga wa matatu za Barabara ya Ngong, mjini Nairobi, hulitaja jina hilo mara mia kwa siku: "Adams! Adams!" Abiria hushuka, wakavuka barabara, wengine wakaenda zao soko la Toi kutafuta mitumba, wengine wakateremkia Makina, kwa Wanubi wa Kibera. Hapana aulizaye Adams ni nani, wala hiyo Arcade ni kitu gani.

Adams ni Abdul Habib Adam, mfanyabiashara aliyejenga hapo, katika miaka ya 1950, maduka yaliyokusanywa mahali pamoja, na sinema iliyoitwa Metropole. Ni miongoni mwa majengo ya kwanza ya namna hiyo katika Kenya, na leo, baada ya Nairobi kujaa majumba ya biashara ya vioo kila upande, wengi hawajui kwamba mzee wao ni huyu. Ama arcade ni neno la mafundi wa ujenzi. Asili yake ni tao. Maana yake ya kwanza ni matao yaliyofuatana juu ya nguzo, na baadaye likatumiwa kwa ujia wenye paa uliopangwa maduka kando yake. Msikiti wa Cordoba kule Andalusi, ulioanza kujengwa mwishoni mwa karne ya 8, ni msitu mzima wa matao. Msikiti Mkuu wa Kilwa nao una yake. Basi makanga apigaye kelele pale stendi yuwataja, pasi na kujua, neno ambalo lamhusu Mwislamu wa pwani kuliko adhaniavyo.

Haya sikuyapata chuoni wala katika mashairi. Niliyapata kwa binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 17, akaaye na wazazi wake katika nyumba ya kupanga si mbali na hapo Adams Arcade. Yumo kidato cha sita katika shule moja ya kulipia, ya mtaala wa Kiingereza, na miongoni mwa masomo matatu aliyoyachagua, moja ni historia ya sanaa na majengo.

Wasomaji wa umri wangu watashangaa kusikia kidato cha sita. Katika shule zetu za serikali kilikwisha zamani: mfumo wa 8-4-4 uliingia mwaka 1985, na watahiniwa wa mwisho wa kidato cha sita wakaufanya mtihani wao mwaka 1989. Jirani zetu wa Tanzania wangali nacho. Hapa Kenya kimebaki katika shule za kulipia zifuatazo mitihani ya Uingereza, ambako mzazi hutoa fedha nyingi na kwa hivyo hutaka kuona faida yake waziwazi. Ndiyo sababu shemeji yangu alinipigia simu.

"Shemeji," akasema, "wewe ndiwe mtu wa mashairi, na mtoto huyu kakufuata wewe. Njoo basi useme naye. Mimi nilitaka asome ufamasia."

Nilipofika nilimkuta ana hoja mbili, na zote mbili si za kipuuzi. Ya kwanza: ni nani atakayemwajiri mtu kwa kujua nguzo na matao? Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Alikifungua kitabu cha bintiye akanionyesha masanamu ya Wayunani na ya Wataliani, wanaume kwa wanawake, hawana hata nguo ya kujisitiri. "Shemeji, hili nalo ni somo la mtoto wa Kiislamu?"

Juu ya hili la pili sikumpa fatwa, kwani mimi si mufti, na mas'ala ya picha na masanamu yana wenyewe wa kuyasema. Nilimwambia hili tu: daktari naye, na huyo mfamasia amtakaye, husoma mwili wa binadamu kwa picha zake zote, na hapana mzazi amkatazaye. Kusoma kitu ni mbali, na kukiabudu ni mbali. Tena nusu ya somo lenyewe ni majengo, na katika majengo sisi hatuna haja ya kuinamisha uso.

Juu ya hoja ya kwanza sitamdanganya msomaji. Kazi za elimu hii si nyingi. Kuna Makavazi ya Taifa, vyuo vikuu, na ofisi za wachora ramani za nyumba, na huko kote milango ni myembamba. Hata huko Uingereza kwenyewe somo hili lilitaka kufa. Mwaka 2016 bodi ya AQA ilitangaza kwamba haitautahini tena mtihani wake wa kidato cha sita. Watu wakapiga kelele, wakisema litakuwa somo la watoto wa matajiri peke yao, na mwisho wa mwaka uo huo bodi ya Pearson Edexcel ikakubali kulichukua, na madarasa ya mtaala mpya yakaanza mwaka 2017. Kwa hivyo shemeji yangu si mtu wa kwanza duniani kuuliza elimu hii yaliwa na nini.

Lakini nilitaka kwanza nijue mtoto mwenyewe yuwafundishwa nini. Basi Jumamosi moja tulipanda matatu yeye na mimi, tukashuka mjini, tukaenda kwa miguu mpaka Banda Street. Mtu akitaka kulielewa somo hili bila ya kulipa karo, na asimame hapo.

Upande mmja upo Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya mwaka 1925 na 1933, na makuba yake matatu na minara yake miwili. Karibu yake pana Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, na nguzo zake nene za mawe zilizosimama safu mbele ya mlango kama walinzi. Majengo mawili ya zama moja, yametenganishwa na hatua chache tu.

"Sasa, Mjomba," akaniambia, "sisi tumefundishwa tutazame kabla ya kusema. Kwanza kimejengwa kwa nini? Pili kimesimamaje? Tatu ni nani aliyetoa fedha, na alitaka mtu apitaye njiani afikiri nini?"

Akaanza na maktaba. Nguzo zile ni za Kiyunani kwa asili, zikachukuliwa na Warumi, zikafufuliwa na Ulaya, na Waingereza wakazibeba popote walipotawala ili mtu akiziona ajue kwamba hapa pana serikali na pana elimu. Na elimu ile ilikuwa na wenyewe: mpaka mwaka 1958 maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Kisha akageuka kuutazama msikiti. Makuba yale yaliyovimba kidogo kabla ya kuchongoka si ya pwani wala si ya Bara Arabu. Ni ya Bara Hindi, ya zama za wafalme wa Kimoghali, na walioyaleta ni Waislamu waliotoka huko. Waliusimamisha msikiti wao katikati ya mji wa mkoloni, ukaonekana toka mbali, na kwa jiwe na kuba wakasema neno ambalo pengine wasingeweza kulisema barazani.

Mimi nimeswali Jamia miaka mingi. Nimeketi chini ya makuba yale nikisubiri hotuba ya Ijumaa, na sikupata kujiuliza kwa nini msikiti wa Nairobi haufanani hata chembe na misikiti ya kale ya kwetu, ambayo aghalabu haina kuba kubwa, na mnara, kama ule wa msikiti wa Mandhry pale Mombasa, ni kitu adimu.

Nikamwuliza: "Na vitabu vyenu vyasema nini juu ya hiyo misikiti ya kwetu?"

Akacheka. "Kidogo sana, Mjomba."

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kwa vizazi vingi kitabu kikubwa cha historia ya majengo kilikuwa kile cha Banister Fletcher wa Uingereza, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1896. Katika toleo lake la nne, la mwaka 1901, majengo ya dunia yaligawanywa mafungu mawili: yaliyo na historia, na yasiyo na historia. Ya Ulaya yakawekwa katika fungu la kwanza. Ya Waislamu, pamoja na ya Wahindi, Wachina na Wajapani, yakatiwa katika la pili. Yaani Alhambra, na Msikiti wa Cordoba, na Taj Mahal, vyote havina historia! Mitaala ya leo imebadilika, nayo humtaka mwanafunzi asome pia kazi zilizo nje ya Ulaya. Lakini kabati la vitabu halibadiliki upesi kama mtaala, na mwanafunzi wa Nairobi atakuta vitabu kumi juu ya kanisa moja la Florence kabla hajakuta kimoja juu ya Lamu, Pate, Gedi na Kilwa kwa pamoja.

Si kwamba havipo kabisa. Peter Garlake aliandika mwaka 1966 juu ya majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani yetu. James Kirkman alichimba Gedi kuanzia mwaka 1948, na Neville Chittick akachimba Kilwa. Usam Ghaidan, Mwiraki aliyefundisha usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa mwaka 1975 kitabu juu ya mji wa Lamu, akaipima mitaa na nyumba zake moja moja. Twawashukuru wote. Lakini tazama majina hayo, ewe msomaji, kisha uniambie ni nani kati yao aliyezaliwa katika nyumba aliyoiandika.

Na jambo hili lina matokeo. Wale wachimbaji wa mwanzo walishika kwamba miji yetu ilijengwa na wageni waliovuka bahari, Waajemi na Waarabu, wakatua na ustadi wao tayari mkononi. Kisha katika miaka ya 1980 Mark Horton akachimba Shanga, katika kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa mawe akakuta misingi ya misikiti mingine, mmoja chini ya mwingine, na chini kabisa pana alama za msikiti mdogo wa miti, wa karne ya 8. Watu wa pahali hapo walianza kuswali katika kibanda, wakajenga upya kila kizazi, mpaka wakafika kwenye jiwe. Hivyo sivyo ajengavyo mgeni aliyekuja na ramani yake. Swali la nani alijenga Shanga lilijibiwa kwa kuyatazama majengo kwa makini, na jibu hilo limebadilisha habari ya sisi ni kina nani.

Tuliporudi nyumbani, shemeji alikuwa ametandaza mkeka, chai ya mkandaa na mahamri tayari. Binti akatoa daftari. Mwalimu wao amewataka waandike insha ndefu juu ya jengo moja walijualo kwa macho yao. Wenzake wengi wamechagua majengo ya mjini, na mmoja amelichukua jumba la Kenyatta, lile lililofunguliwa mwaka 1973, kazi ya Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso wetu. Yeye ataka kuandika nyumba ya nyanya yake mzaa baba, huko Lamu. Shida yake ni kwamba vyumba vyake hajui vyaitwaje.

"Baba," akauliza, "ile sehemu ya mlangoni yenye viti vya mawe yaitwaje?"

"Daka," akajibu shemeji, bado ana uso wa ufamasia.

"Na ule ua wa ndani usio paa?"

"Kiwanda. Na vile vyumba virefu vinavyoutazama ni msana. Nyuma yake ndani, chumba cha mama, penye zidaka. Juu kabisa sabule, ya wageni. Na lile daraja lililopita juu ya ujia kwenda nyumba ya pili ni wikio." Akasita. "Pana na kile kijisehemu baada ya daka, kabla hujaingia kiwandani, mtu apinda kona ili wa nje asione ndani. Kile... kile..."

Jina lilikuwa limempotea. Akachukua simu, akampigia mamake Lamu. Sisi sote tulisikia sauti ya bibi yule ikimjibu: "Tekani, mwanangu. Hata tekani umeisahau?"

Baada ya hapo hapakuwa tena na mazungumzo ya dawa. Shemeji alichora kwenye karatasi ya daftari nyumba nzima aliyozaliwa, akafuta, akachora tena, na bintiye akawa yuwauliza na kuandika mpaka adhana ya magharibi.

Mimi lililonishika zaidi ni boriti. Wote twajua kwamba vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba. Sababu yake ni mkoko. Dari hulazwa juu ya boriti, na juu ya boriti hupangwa mawe na chokaa, mzigo mzito mno. Na boriti ya mkoko haiwezi kuubeba mzigo huo ikiwa upana umepita karibu mita tatu. Basi hata mwenye mali nyingi, mwenye majahazi na mashamba, hakuweza kukipanua chumba chake. Aliweza kukirefusha tu. Na boriti hizo zilisafirishwa kwa majahazi mpaka Omani, Bahrain na Kuwait, ambako nyumba za kale nazo zina vyumba vya upana uo huo. Mti uliokatwa katika maji ya chumvi ya Lamu umekipimia chumba mtu wa Ghuba.

Sisi washairi twalijua jambo hili. Mizani ni mizani. Huwezi kuongeza silabi kwa kuwa una maneno mengi, na uzuri watoka ndani ya kile kipimo. Fundi wa Lamu alipewa mita tatu, naye akafanya nini? Akajaza ukuta wa mwisho wa chumba zidaka, safu juu ya safu, zilizonakshiwa kwa chokaa, zikapangwa sahani na vyungu vya Kichina, na jicho likasahau wembamba wa chumba. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikuwa mshairi, mwandishi wa khati na mchonga milango kwa wakati mmoja, na sidhani kwamba aliziona hizo kuwa kazi tatu.

Lipo pia jiwe lenyewe. Jiwe la ukuta huchimbwa nchi kavu, lakini kwa nakshi za mihirabu na milango mafundi wa kale walikata matumbawe ndani ya bahari yangali hai, kwani huko huwa laini na kisu hupita. Yakikauka juani huwa magumu. Kwa jiwe la namna hiyo yaliandikwa maandishi ya Kufi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, ambao ni 1107 wa Miladi, nayo wataalamu huyafananisha na kazi za Siraf, bandari ya Ghuba ya Uajemi. Kaburi moja la Gedi lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Na hata huyo Mtaliano wa vitabuni tunaye: Fort Jesus, Ngomeni kwetu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milano, kwa nia ileile ya wasanii wa Italia ya zama hizo, kwamba kipimo kilicho kamili ni kile cha mwili wa mwanadamu. Mtoto wa Mombasa asomaye habari za Italia kitabuni ana kipande chake nyumbani, awezacho kukigusa kwa mkono.

UNESCO imekwisha kuitambua miji hii: Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, Lamu 2001, Fort Jesus 2011, na Gedi mwaka 2024. Lakini cheti hakishiki ukuta. Siku ya tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka ilhali mafundi wamo kazini, na watu wawili wakafa. Sitaki kumnyoshea mtu kidole. Nasema tu kwamba jengo la chokaa na boriti lina tabia zake, na lataka watu wazijuao. Na watu hao hawatoki mbinguni, ni lazima mmoja wao awe mtoto wa mtu fulani ambaye babake alikubali asome kitu kisicho na mshahara mkubwa.

Serikali yetu nayo imefungua mlango kidogo. Mwezi wa Januari 2026 darasa la kumi la mtaala mpya lilianza katika shule za sekondari za juu, na moja ya njia tatu wanafunzi wapewazo kuchagua ni sanaa na michezo. Nitafurahi siku nitakaposikia shule ya Lamu au Malindi imewapeleka vijana wake wa njia hiyo wakaipime misikiti ya kale kwa futi kamba. Kwa sasa wazazi wengi wa pwani nizungumzao nao wadhani njia hiyo ni ya watoto walioshindwa na hesabu. Na waipime nyumba moja tu ya Lamu, waone hesabu iliyomo.

Shemeji amekubali, kwa sharti: bintiye aendelee na kemia, lililo somo lake la pili, ili mlango wa ufamasia usifungwe. Naona ni sharti la haki. Likizo hii yuwaenda Lamu na futi kamba, daftari, na orodha ya maneno 23 ya kumwuliza nyanya yake. Orodha ina nyumba tatu, hiyo ya kwao na mbili za jirani. Ya mwisho katika hizo imeanza kuvuja, na mwenyewe amekwisha kuagiza saruji na nondo, ang'oe boriti na kumwaga zege. Mafundi wameambiwa waanze baada ya Idi. Binti ameliandika jina la nyumba hiyo juu kabisa ya orodha, na tikiti yake ya basi ni ya siku kumi kabla.